Somo la 9: Kujifunza kwa Waliofika Mbali

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Wafalme 3:5–14, Mithali 24:16, Yeremia 9:23, 24, Danieli 1:8–20, 6:1–10, Luka 12:16–21, 16:10, Wafilipi 2:5–8, Waebrania 13:7, Yakobo 1:5.

Fungu la kukariri: Waebrania 13:7. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu, kisha likariri neno kwa neno kabla ya Sabato ijayo.

Wilayani Mbozi, mkoani Songwe, kuna kimondo kilichoanguka kutoka angani zamani sana. Ni donge la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kulitazama. Wilaya hiyo hiyo ina mashamba ya kahawa, lakini mgeni mara chache husimamisha gari kwa ajili ya kuutazama mkahawa. Hata hivyo, waulize wazee wa Mbozi ni kitu gani kiliwasomeshea watoto, wengi watakutajia kahawa. Mkahawa hupandwa, hupaliliwa, hupogolewa, na humfanya mkulima asubiri miaka mitatu hivi kabla ya kuchuma mavuno ya kwanza ya maana.

Wengi huyatazama mafanikio ya watu wakubwa kama kimondo: kitu kilichomwangukia fulani kutoka juu, bila kujulikana kilitoka wapi. Ni wachache wanaoyatazama kama mkahawa.

Mtazamo huo una madhara makubwa katika mji kama Tunduma. Hapo ndipo barabara kuu kutoka Dar es Salaam inapoingia Zambia, na malori ya kwenda Lusaka na Lubumbashi hupanga foleni usiku na mchana. Fedha za nchi mbili hubadilishana mikono kando ya barabara. Kijana anaweza kumwona mwenzake akiendesha bodaboda mwaka huu, na mwaka ujao ana lori. Jioni anafungua simu na kusikiliza wahamasishaji wakimwambia kwamba naye anaweza kufika huko, mradi tu abadili fikra zake. Baadhi ya wanayoyasema ni kweli. Lakini ni nani anayemwambia njia ilikuwaje, na ni kitu gani kililipwa njiani?

Kwa juma hili lote, mfikirie kijana mmoja wa mfano. Ni Mwadventista, ameajiriwa katika ofisi ya uwakala wa forodha Tunduma. Anaandaa nyaraka za mizigo ya transiti, na anaijua kazi yake. Ijumaa moja, saa kumi jioni, bosi wake anampigia: malori matatu ya mteja mkubwa yamefika, na nyaraka lazima zishughulikiwe kesho asubuhi. Akija, nafasi ya usimamizi iliyo wazi ni yake. Asipokuja, asishangae Jumatatu akimkuta mtu mwingine kwenye meza yake. Jua linazama saa kumi na mbili na ushee.

Kijana huyu anataka kufanikiwa, na hakuna dhambi katika hilo. Swali la juma hili ni hili: kwa watu waliofika mbali, ni kitu gani kinachopaswa kuigwa? Waebrania 13:7 inatoa mwongozo. Waumini wanaambiwa wawakumbuke waliowatangulia, wachunguze maisha yao yaliishia wapi, kisha waige imani yao. Mwandishi hasemi waige vyeo vyao wala mali zao.

JUMAPILI

Swali Lililochekwa

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akiwahi nafasi kwa maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Akihofia kukosa mahali, Mpemba aliweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi alirudi na kukuta maziwa yake yameganda, na ya mwenzake bado hayajaganda.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia ilikuwaje. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Safari hii mwalimu alimtania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu hapo kila alipokosea somo lolote, wenzake walimkumbusha kwa utani ule ule.

Kisha shule ikapata mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Alipomaliza hotuba yake alikaribisha maswali. Mpemba akasimama, mbele ya wenzake waliokuwa wakiona haya kwa ajili yake, akauliza kwa mara ya tatu. Osborne hakumcheka. Alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 makala iliyobeba majina ya watu hao wawili ilichapishwa katika jarida la kisayansi nchini Uingereza. Wanasayansi wanaendelea kubishana mpaka leo kuhusu ni lini na kwa nini jambo hilo hutokea, lakini wanapobishana hulitaja kwa jina la Mpemba.

Soma 1 Wafalme 3:5–14 na Yakobo 1:5. Sulemani aliomba nini alipopewa nafasi ya kuomba chochote? Yakobo anasema Mungu humpokeaje mtu anayekiri kwamba hajui?

Mpemba hakuwa na maabara yake mwenyewe. Alikuwa na macho yaliyoona, na moyo uliokubali kuchekwa mara mbili ili aulize mara ya tatu. Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo mtu yeyote anaweza kuiiga. Sulemani naye, akiwa kijana juu ya kiti cha enzi, alianza kwa kukiri kwamba hajui namna ya kuwaongoza watu walio wengi hivyo, akaomba moyo wa kusikia. Mungu alipendezwa na ombi hilo. Yakobo anaongeza neno la faraja: anayemwomba Mungu hekima hapewi pamoja na karipio. Walimu wa dunia wanaweza kucheka swali. Mungu hacheki.

Mtu wa pili wa kuigwa katika habari hii ni Osborne. Alikuwa msomi mwenye cheo, na swali lilitoka kwa mwanafunzi. Angeweza kulipuuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Alilibeba akaenda kulipima.

Mtoto anapouliza swali gumu katika Shule ya Sabato, au nyumbani wakati wa ibada ya jioni, wewe hujibu kama mwalimu yupi kati ya hawa watatu?

JUMATATU

Aliyefika wa Mwisho

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Jiji la Mexico, wakimbiaji 75 walianza mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki. Jiji hilo liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwachosha wengi. Miongoni mwao alikuwa John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania. Kabla ya kufika nusu ya safari aliangushwa katika msongamano wa wakimbiaji, akaumia goti vibaya pamoja na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Medali zikatolewa. Jua likazama, na watu wengi wakaondoka uwanjani. Zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Akhwari aliingia akichechemea, bendeji ikining'inia mguuni, akavuka mstari. Kati ya wote waliomaliza, 57 kwa idadi, yeye alikuwa wa mwisho. Wengine 18 hawakumaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile kwenda kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

Soma Mithali 24:16 na 2 Timotheo 4:6–8. Ni tofauti gani inayoonekana kati ya mwenye haki na mwovu, ikiwa wote wawili huanguka? Paulo anajivunia nini mwishoni mwa maisha yake?

Mithali haisemi kwamba mwenye haki haanguki. Inasema huanguka mara nyingi, na kila mara husimama. Paulo naye, akiwa gerezani na akijua kwamba kifo kiko karibu, hahesabu makanisa aliyoyaanzisha wala watu aliowabatiza. Anasema amemaliza mwendo na ameilinda imani.

Jibu la Akhwari lina neno moja la kutafakariwa: alitumwa. Mtu anayekimbia kwa ajili ya medali, medali ikishaondoka hana sababu ya kuendelea. Aliyetumwa bado ana sababu, hata uwanja ukiwa mtupu na giza limeingia. Ndiyo maana Wakristo wengi huanza vizuri na kuishia katikati. Walianza kwa sababu walitazamwa. Kwaya ilipoacha kuwaita, mzee wa kanisa alipoacha kuwatembelea, nao wakaacha.

Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, Akhwari alishika nafasi ya tano katika marathoni. Ni nafasi nzuri, ya mwanariadha hodari. Hata hivyo, dunia inamkumbuka kwa siku aliyokuwa wa mwisho.

Ni kazi gani uliyotumwa na Mungu ambayo umeiacha katikati kwa sababu watazamaji wameondoka? Ni hatua gani moja unayoweza kuichukua juma hili, hata kama ni kwa kuchechemea?

JUMANNE

Aliyeitwa Tena

Ni Waadventista wachache wasiomjua Dakta Ben Carson. Alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1951. Mama yake, Sonya, aliishia darasa la tatu, na baada ya kuachana na mumewe alilea watoto wawili kwa kufanya usafi katika nyumba za watu. Ben alikuwa mkiani darasani. Mama akawapunguzia wanawe televisheni, akawaagiza wasome vitabu viwili kila juma kutoka maktaba na kumwandikia muhtasari. Muhtasari ule aliupitia na kuutia alama. Watoto walikuja kujua baadaye kwamba mama yao hakuweza kusoma vizuri alichokuwa akikisahihisha.

Akiwa na umri wa miaka 33, Carson alipewa kuongoza idara ya upasuaji wa ubongo wa watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins. Mwaka 1987 alikuwa kiongozi katika timu ya watu 70 iliyowatenganisha mapacha kutoka Ujerumani walioungana vichwa. Habari hizo zilimfanya ajulikane duniani kote, na ndizo zinazosimuliwa zaidi.

Habari inayosimuliwa mara chache ni ya mwaka 1994. Carson alikwenda Afrika Kusini kushiriki upasuaji wa mapacha wasichana walioungana vichwa. Watoto wote wawili walifariki. Hakuna maneno ya uhamasishaji yanayoweza kulipunguza uzito jambo hilo: wazazi waliwakabidhi watoto wao kwa madaktari bingwa, na wakarudi mikono mitupu.

Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa 1997, aliitwa tena Afrika Kusini. Safari hii walikuwa mapacha wavulana kutoka Zambia, nchi ambayo mkazi wa Tunduma huiona akisimama mlangoni pake. Madaktari walifanya kazi kwa saa 28. Watoto wote wawili waliishi.

Soma Luka 16:10. Je, "kidogo" kilikuwa nini katika nyumba ya Sonya Carson? Kimekuwa nini katika nyumba yako?

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza, mikono iliyofanya kazi saa 28 ilianza kuandaliwa mezani kwa mama asiyejua kusoma vizuri, kwa vitabu viwili kila juma. Mzazi wa Vwawa au Mlowo anayedhani hana cha kumpa mwanawe kwa sababu hakusoma, amtazame mama huyu. Alichokuwa nacho ni uaminifu wa kukagua daftari.

La pili, aliyeshindwa aliitwa tena, naye akaenda. Kama angeamini kwamba mtu aliyefanikiwa hashindwi, angebaki nyumbani alinde jina lake. Petro naye alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa, na kando ya moto mwingine wa makaa, ufukweni, Bwana alimwita tena awalishe kondoo zake (Yohana 18:18, 21:9–17).

Neno la tahadhari linafaa hapa. Baadaye Carson aliingia katika siasa za nchi yake, na Wakristo hutofautiana kuhusu misimamo yake huko. Hilo lisimsumbue msomaji. Waebrania 13:7 haimwagizi mtu yeyote kuiga kila neno la aliyefanikiwa. Hakuna mwanadamu, hata awe bingwa wa namna gani, anayestahili kufuatwa bila kupimwa kwa Maandiko.

JUMATANO

Mtaalamu Asiye na Doa

Soma Danieli 1:8–20 na 6:1–10. Orodhesha mambo ambayo Danieli alikuwa akiyafanya kila siku, kabla jaribu halijaja.

Danieli alifika mbali kuliko kijana yeyote wa Yuda wa kizazi chake. Alichukuliwa mateka akiwa kijana, akahudumu chini ya Babeli na chini ya Umedi na Uajemi, akawa mmoja wa wakubwa watatu juu ya maliwali 120. Washindani wake walipokagua kazi yake wakitafuta kosa, hawakupata. Hakuna hesabu iliyopungua, hakuna mkono uliopokea kitu chini ya meza. Kwa wanaofanya kazi mpakani, kwenye mizani, kwenye ghala au kwenye ofisi yoyote yenye mhuri, fungu hilo la Danieli 6:4 linastahili kusomwa polepole. Walilazimika kumtega katika jambo la Mungu wake, kwa sababu katika kazi yake walikosa pa kushika.

Sasa mrudie kijana wa Tunduma na simu yake ya saa kumi jioni. Danieli angemfundisha nini?

Kwanza, jibu la Ijumaa huandaliwa tangu Jumapili. Danieli aliazimu moyoni mwake mapema, kabla sahani haijawekwa mbele yake. Anayesubiri mpaka bosi apige simu ndipo aanze kufikiri kama Sabato ni ya thamani, huwa amekwisha kuchelewa.

Pili, Danieli alikataa kwa adabu na alikuja na pendekezo. Hakumtukana msimamizi, wala hakumhubiria kwa sauti ya juu. Aliomba, akapendekeza jaribio la siku kumi, akaacha matokeo yaseme. Kijana huyu angeweza kumwambia mwajiri wake imani yake tangu siku ya kwanza kazini. Angeweza kujitolea zamu ya Jumapili ambayo wenzake hawaitaki, kukamilisha nyaraka zake zote kabla ya Ijumaa mchana, na kumwandaa mwenzake wa kumshikia kazi siku ya Sabato. Mfanyakazi mvivu anayedai Sabato huitukanisha Sabato. Mfanyakazi hodari anapoiomba, bosi hujiuliza mara mbili.

Tatu, na hapa pasifichwe kitu: Danieli hakuahidiwa kwamba simba watafungwa vinywa. Alijua amri imekwisha kutiwa sahihi, akaingia chumbani kwake, akapiga magoti kama alivyokuwa akifanya siku zote. Wenzake watatu nao walimwambia mfalme kwamba Mungu anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu (Danieli 3:17, 18). Kijana anaweza kusimama kwa uaminifu na bado Jumatatu akakuta meza yake ina mtu mwingine. Wapo walioamka na kupata kazi bora zaidi, na wapo waliouza nyanya barabarani kwa muda mrefu. Mungu aliye mwaminifu kwa hao wa kwanza hakuwasahau hao wa pili.

Ndiyo maana mtazamo wa mtu wa Mungu ni mpana kuliko ule wa wahamasishaji. Wao husema, "Fanya hivi, nawe utafika." Danieli angesema, "Nitafanya hivi, hata nisipofika."

Kama ungekuwa mzee wa kanisa wa kijana huyu, ungemfanyia nini Jumatatu asubuhi, mbali na kumwombea?

ALHAMISI

Nia Iliyoshuka

Soma Luka 12:16–21. Ni kosa gani alilolifanya tajiri huyu? Je, kulima sana kulikuwa kosa?

Mwaka wa mvua nzuri, Songwe huvuna mahindi mengi, na mkulima yeyote mwenye busara huwaza ghala. Yesu hakumlaumu tajiri kwa sababu shamba lake lilizaa. Hata wazo la kujenga ghala si baya, kwani Yusufu alijenga ghala Misri na kuokoa mataifa. Tofauti iko katika maneno. Tajiri yule alipojisemesha moyoni, kila kitu kilikuwa "changu": mazao yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Hakumtaja Mungu, wala mfanyakazi aliyemvunia, wala jirani mwenye njaa. Yusufu alijenga ghala kwa ajili ya wengine. Usiku ule ule tajiri aliitwa, na swali aliloachiwa lilikuwa la urithi: vyote hivi vitakuwa vya nani?

Soma Yeremia 9:23, 24. Mungu anataja mambo gani matatu ambayo watu hujisifia? Anaweka nini mahali pake?

Elimu, nguvu na mali ndivyo vipimo vitatu ambavyo dunia imevitumia tangu wakati wa Yeremia mpaka leo. Mungu hasemi kwamba ni vibaya. Anasema havitoshi kuwa sababu ya mtu kujisifu, kwa sababu vinaweza kupatikana na mtu asiyemjua kabisa Yeye atendaye wema, hukumu na haki.

Kile ambacho wengi leo hukiita mtazamo, Biblia ya Kiswahili hukiita nia. Soma Wafilipi 2:5–8. Paulo anapowataka waumini wawe na nia ya Kristo, anaeleza safari inayokwenda kinyume na safari zote zinazosifiwa. Kristo alikuwa juu, akashuka. Alikuwa Bwana, akawa mtumishi. Akashuka tena mpaka mauti, na mauti ya msalaba. Kwa vipimo vya Yeremia 9:23, Ijumaa ile jioni pale Golgotha hakuna aliyekuwa ameshindwa vibaya kuliko Yeye. Wanafunzi walikimbia, na kaburi lilikuwa la kuazima.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya juma ilionyesha kipimo cha Mungu. Kwa hiyo, kila sifa njema iliyoonekana juma hili, yaani ujasiri wa kuuliza, uvumilivu wa kumaliza, moyo wa kujaribu tena, mikono safi kazini, inapata mahali pake ikiwa chini ya nia hiyo. Ikikaa pekee, itamjengea mtu ghala. Ikikaa chini ya nia ya Kristo, italisha wenye njaa.

Mafanikio unayoyaomba kwa Mungu sasa hivi yatamnufaisha nani, mbali na wewe na nyumba yako?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Soma sura inayohusu maisha ya watu wakuu katika kitabu cha Ellen G. White kiitwacho Elimu, ambamo Yusufu, Danieli, Elisha, Musa na Paulo huchambuliwa kama mifano kwa vijana. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1903. Mwaka huo huo wamishonari wa kwanza wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifika milima ya Upare na kuanza kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Walianza na watu wachache, katika lugha wasiyoijua. Waliolifungua shamba hilo hawakuyaona mavuno yake yote.

Kijana wa Tunduma bado ana simu mkononi, na jua linazama. Somo hili halikumwandikia mwisho wa habari yake, kwa sababu mwisho huo huandikwa upya kila Ijumaa, mahali pengi, na vijana walio hai. Anachoweza kupewa ni mashahidi waliomtangulia, ahadi za Mungu, na kanisa litakalokuwa pamoja naye Jumatatu.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini watu hupenda kusikia habari za waliofanikiwa kuanzia mwisho badala ya mwanzo? Waalike wazee wa darasa lenu waeleze mwanzo wa safari zao, pamoja na walipoanguka.

2. Je, ni sahihi kuwahubiria vijana kwamba kila anayeitunza Sabato atapandishwa cheo? Ahadi za Mungu zinapaswa kufundishwaje ili zisigeuke kuwa biashara?

3. Kanisa linalomfundisha kijana kusimama lina wajibu gani kwake anapopoteza kazi kwa sababu amesimama? Jadilini mambo halisi: kodi ya chumba, chakula, mtaji mdogo, barua ya utambulisho kwa mwajiri mwingine. Ni nani katika darasa lenu anaweza kufanya lipi?

4. Taja mtu mmoja ambaye imani yake umeiiga. Ikiwa bado yu hai, mwambie hivyo kabla jua la Sabato halijazama.